Atangulie Bibi

Mwakeye! Nawasalimu, watu wa mwaloni. Najua mnanisikiliza kwa sikio moja, la pili mmelitega kwa jirani, maana ndivyo tulivyo hapa Kitemba. Mtu akikusalimu kwa uchangamfu kuliko jana, unakaa unajiuliza anataka nini. Mimi Skolastika, muuza chai, siwezi kujitoa. Mteja akiisifia chai yangu, naionja upya nijue ameona nini. Kwa hiyo sisemi haya kwa kuwa nina moyo mweupe kuwazidi. Nasema kwa sababu nilikuwapo mwanzo hadi mwisho, na nimechoka kuisikia habari hii ikisimuliwa kinyume.

Asubuhi habari hii ilipoanza, mwalo ulikuwa umetulia. Mitumbwi ilikuwa imevutwa juu, wanaume wamelala, na sisi wanawake tumeshaanika dagaa kwenye vichanja, harufu imepanda mpaka kanisani. Bibi Verediana alikuwa ameketi kwenye benchi langu, fimbo yake katikati ya magoti. Macho yake yote mawili yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, ule ukungu mweupe wa wazee, na alitutambua kwa sauti zetu tu. Mkwewe Elida, mke wa nahodha Filemoni, akaja na binti yake Dainess mgongoni. Mtoto ndiyo kwanza alikuwa amejua kukaa.

Nikamnyooshea Dainess kipande cha andazi. Mtoto wa umri ule hunyakua mpaka kidole chako. Yeye hakunyakua. Alikuwa ameinua shingo, uso ameuelekeza mlimani, anasikiliza. Nikalisogeza andazi mpaka karibu na pua, ndipo akafungua mdomo. Nikamgeuza juani nimwangalie vizuri. Katikati ya kila mboni palikuwa na kidoa cheupe kama punje ya mchele.

"Elida, hiki umekiona?"

Akavuta kanga akamfunika mtoto kichwa. "Nimekiona, dada Skola. Baba yake anasema kitatoka chenyewe."

Bibi Verediana akageuza uso upande wetu. "Kiko wapi? Machoni?"

"Machoni, mama."

"Kama changu?"

"Kama chako, mama," akasema Elida. Chai ya Bibi ikapoa mkononi.

Siku chache baadaye wataalamu wa macho wakaja kwa boti kutoka Kigoma mjini. Walikuja wakati wa mbalamwezi. Kwa wageni mlio hapa, msiotoka ziwani, niwaeleze: sisi huvua dagaa kwa taa, katika usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaijali taa, kwa hiyo wanaume wote hukaa nyumbani kushona nyavu. Wataalamu walikuwa wameuliza serikali ya kijiji siku gani watawakuta watu, wakaambiwa hizo. Ni jambo la kawaida kabisa. Lakini Telesphory, fundi wetu wa injini za boti, mtu mwenye maelezo ya kila kitu hata asichoulizwa, alikaa kibandani kwangu na kusema, "Mbalamwezi wamejuaje? Nani amewapa ratiba zetu?"

Watu wakaanza kutazamana. Na siwalaumu sana. Walishawahi kuja wengine hapa, wakatupiga picha sisi na nyumba zetu, wakasema ni mambo ya mradi, na mpaka leo hatujui sura zetu zilikwenda wapi.

Wataalamu wakapewa darasa moja la shule ya msingi. Wakaziba madirisha kwa mapazia meusi. Telesphory akaenda kuchungulia, akarudi anatembea polepole ili tumwone anavyofikiri.

"Ndani ni giza," akasema. "Halafu wana taa ndogo, kali. Wanakulenga nayo machoni, wanakwambia usipepese." Akanywa chai kidogo. "Sasa nyie niambieni. Giza, taa. Kazi hiyo tunaifahamu au hatuifahamu?"

Tunaifahamu. Dagaa anaacha kina chake, anapanda kuzunguka mwanga kama mlevi, na muda wote wavu uko chini yake. Kwa kazi hiyo tumekula, tumejenga, tumesomesha watoto. Mtu wa Kalinzi huko kwenye kahawa akimulikwa usoni, anaona tochi tu. Sisi tukimulikwa tunatafuta wavu uko wapi.

Kufika jioni maneno yalikuwa yameshaiva. Kwamba ile taa inavuta nuru ya jicho. Kwamba nuru ile ina wanunuzi. Kwamba kuna mtu Mwandiga amewekewa jicho la mbuzi.

"Mtu gani wa Mwandiga?" nikamuuliza Telesphory.

"Mtu wa huko."

"Jina lake?"

"Dada Skola na wewe, kila kitu jina."

Kesho yake nikajifunga kanga nikaenda shuleni. Mlangoni nilimkuta muuguzi, binti mmoja mwembamba anaitwa sista Melania. Akanipa shikamoo, nikaitikia, kisha sikuzunguka.

"Giza la nini humo ndani?"

"Gizani mboni inafunguka, mama, ndipo tunaona ndani ya jicho. Kwenye mwanga inajifunga." Akanipa ile taa. "Nimulike mimi."

Nikammulika. Kweli, mboni yake ikanywea mbele yangu, ikabaki ndogo kama mbegu ya mchicha.

"Na mkipasua mnachukua nini?"

"Ndani ya jicho kuna kitu kama kioo. Kikichafuka, ndiyo huo mtoto wa jicho. Tunakitoa, tunaweka cha plastiki. Kile kichafu kinatupwa."

"Kinatupwa wapi?" Si nilishawaambia nashuku. Akanionyesha ndoo yenye mfuniko, akanieleza vinavyochomwa. Nikaingia, nikapimwa, nikaambiwa nahitaji miwani ya kusomea. Nikarudi kibandani na macho yangu mawili, nikamweleza kila aliyekuja kunywa chai. Walinisikiliza kwa heshima, kisha wakaenda kumuuliza Telesphory.

Elida alimpeleka Dainess siku hiyo hiyo, akamwongoza na Bibi Verediana kwa mkono. Filemoni alikuja nyuma yao, mikono mfukoni, nami nikawafuata maana Elida aliniomba. Dokta Nasri, mkuu wa msafara, alimwangalia Bibi kwa muda mfupi. Kwa mtoto alikaa sana. Alimulika, akatikisa funguo, akasogeza kitambaa chekundu huku na huku mbele ya uso wake. Dainess aligeukia funguo. Kitambaa hakukifuata.

"Huyu ndiye wa haraka," akasema dokta. "Bibi anaweza kusubiri hata mwakani na bado ataona, kwa sababu macho yake yalishajifunza kuona zamani. Mtoto ndiyo anajifunza sasa. Tukichelewa, hata tukimsafisha macho yakawa safi kabisa, kichwa chake hakitajua kuyatumia. Lakini mtoto mdogo hapasuliwi hapa. Inabidi alazwe hospitali kubwa, apewe dawa ya usingizi. Tutaondoka naye kwenye boti yetu, pamoja na mama yake."

Filemoni akatoa mikono mfukoni. "Bibi kikongwe anaweza kusubiri. Mtoto mchanga ndiye wa haraka."

"Ndiyo."

"Na mnamchukua nyinyi, kwa boti yenu."

"Na mama yake."

"Bure."

"Bure, baba."

Filemoni akacheka kidogo. Ni kicheko ninachokijua, hukitoa pale mtu wa mtumbwi mwingine anapomwelekeza kwenye samaki wengi.

Tukatoka nje. Hapo uwanjani, chini ya mlingoti wa bendera, akatoa hukumu yake. Kila nahodha wa hapa, akifika mahali asipopaamini, hashushi wavu. Anawasha taa moja kwanza, anangoja, anatazama kinachopanda. Taa ikipotea majini, imepotea taa, wavu uko salama. Filemoni akasema mambo ya macho ya mwanawe atayafanya hivyo hivyo.

"Atangulie Bibi," akasema. "Akirudi na macho yake, tutazungumza habari za mtoto."

"Baba Dainess," akasema Elida, "si dokta amesema mama ndiye anaweza kusubiri?"

"Ndiyo maana aende yeye. Mama ameshaiona dunia. Wakimharibu, hatujapoteza kikubwa."

Aliyasema hayo mama yake akiwa amesimama pale pale, amemshika Elida bega. Mimi nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake. Bibi Verediana alivuka ziwa kutoka upande wa Kongo akiwa msichana, akamlea huyo Filemoni peke yake kwa kuanika dagaa za watu. Akanyoosha fimbo mpaka ikagusa mguu wa mwanawe.

"Nitakwenda," akasema. "Wakining'oa macho, mtakuwa mmejua. Wakinirudisha nikiona, unampeleka mtoto siku hiyo hiyo. Umesema?"

"Nimesema."

"Sema Skolastika asikie."

"Nimesema, mama."

Nami nilisikia, na ndiyo maana leo nasimulia.

Bibi alipasuliwa kwenye kituo cha afya cha kata, na wazee wengine wachache waliothubutu. Aliporudi, sista Melania alimfungua bandeji kwenye benchi langu, mwalo mzima ukiwa umejazana. Bibi akapepesa, akafuta machozi, akanitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Skolastika," akasema, "kumbe umenenepa hivi."

Watu wakacheka mpaka vichanja vikatikisika. Hata Telesphory alicheka. Bibi akaomba mjukuu wake. Akampakata, akaupitisha mkono mbele ya uso wake, kushoto, kulia. Macho ya Dainess yalikuwa yanatangatanga, hayatui mahali. Kicheko kilimwishia Bibi pale pale, akamtafuta mwanawe katika watu.

"Filemoni. Boti ya madaktari bado ipo. Mpeleke."

Filemoni akasogea, akainama, akachungulia ndani ya macho ya mama yake kama mtu anayekagua wavu wa kununua kwa mtu asiyemfahamu. "Tusubiri kidogo," akasema. "Hata taa mpya huwaka vizuri siku ya kwanza. Tuone kama yatadumu."

"Uliahidi."

"Sijakataa, mama. Nimesema tusubiri."

Boti ikaondoka na nafasi ya Dainess ikiwa tupu. Elida aliisindikiza kwa macho mpaka ikapotea upande wa Ujiji.

Sista Melania alikuwa amechukua namba yangu ya simu. Akawa ananipigia, nami napanda hadi kanisani kwenye mtandao ili nimsikie vizuri. Hospitali wanamsubiri, mwambie baba yake. Nikashuka nikamwambia. Akapiga tena, nikashuka tena.

"Mbona wanamtaka sana huyu mtoto?" akaniuliza Filemoni. "Wewe mtu akikung'ang'aniza kitu cha bure, hujiulizi?"

"Nilijiuliza, nikaenda nikawauliza wenyewe. Wewe umemuuliza nani?"

Akaniangalia, na nikaona kabisa kwamba ameanza kunishuku na mimi. Baada ya hapo hakunywa chai kwangu kwa muda mrefu.

Macho ya Bibi yalidumu. Alichambua mchele, alitunga sindano, alianza kuwakosoa wanaoanika dagaa ovyo. Kila mwezi ulipopita Filemoni alikuwa na neno jipya. Tusubiri msimu wa mvua upite, kama yataharibika yataharibikia kwenye baridi. Halafu, tuone na wale wazee wengine. Halafu, mtoto akue kidogo apate nguvu. Nyie mlisikia, na wengi wenu mkamwambia ana busara.

Siku moja Elida alifunga nguo za mtoto kwenye kanga, akashuka mwaloni ilipokuwepo boti ya abiria. Nahodha wa boti ile alipomwona alishuka majini akamzuia kwa upole. Mnaijua desturi yetu: mke wa nahodha hapandi chombo cha nahodha mwingine bila mwenyewe kujua. Iliwekwa kuzuia ugomvi, na kweli imezuia mwingi.

"Shemeji, lete neno la Filemoni tu, nakupeleka hata sasa hivi."

"Mtoto anapofuka, shemeji."

"Najua. Lete neno lake."

Hakuna aliyesimama kumtetea. Nilisema mimi, wakaniambia nirudi kwenye birika langu. Elida akakaa mchangani na kifurushi chake mpaka boti ikatoka, kisha akarudi nyumbani kupika.

Dainess akaanza kutembea. Macho yake sasa yalikuwa yanachezacheza, hayatulii hata akiwa ametulia mwenyewe. Ilikuwa mbalamwezi tena, takribani mwaka mzima tangu wataalamu waondoke, pale Filemoni alipomwona mwanawe anakuja peke yake kwenye kinjia cha mwaloni. Akachuchumaa mbele yake, akafungua mikono kama baba yeyote, akakaa kimya, anatabasamu, anangoja akimbiliwe. Mtoto alikuja moja kwa moja mpaka akamgonga. Akampapasa goti, akapapasa shati.

"Hii nini?" akauliza.

Mimi nilikuwa naosha vikombe, niliona yote. Filemoni alimbeba kama alivyokuwa, miguu ina mchanga, akashuka naye mpaka kwenye mtumbwi wake mwenyewe, akapaza sauti kumwita Elida. Hakuingia hata ndani kubadili shati. Wakaenda Kigoma, na kutoka huko wakapelekwa hospitali kubwa.

Walimpasua vizuri. Vidoa vyeupe vilitoka, mboni zikawa nyeusi kama za watoto wenu. Daktari wa huko alikuja akakaa nao kitandani, na Elida alinisimulia maneno yake. "Macho sasa ni safi. Lakini muda wa kichwa chake kujifunza kuona umepita sehemu kubwa. Ataona mwanga. Ataona mlango uko wapi, na kitu kikubwa kikipita. Nyuso sidhani. Mngemleta mwaka jana, ningewaambia maneno mengine."

Wakarudi. Dainess anajua mchana na usiku, na akikaribia maji anaona yanavyometa. Mama yake hamjui mpaka aseme.

Mngedhani shuku zetu zingekoma hapo. Thubutu. Telesphory alikaa kwenye benchi langu, akateremsha sauti. "Mnaona? Bibi anatunga sindano, mjukuu anapapasa. Waliingia wawili kwenye chumba cha giza, nuru imetoka kwa mmoja. Imekwenda kwa nani?" Nilimfukuza, na kikombe changu nikakichukua mkononi mwake. Lakini maneno yalishatoka. Wanawake wakaanza kuhamisha vichanja vyao mbali na vya Bibi. Kanisani mama mmoja alimtoa mtoto wake kwenye mapaja ya Bibi.

Na hapo, jamani, ndipo niliona jambo lililoniuma kuliko yote. Bibi Verediana aliichukua ile fimbo yake ya zamani. Akaanza kutembea nayo, macho ameyafumba nusu, anapapasa njia anayoiona vizuri kabisa. Nilimkuta karibu na kisima nikamuuliza, "Bibi, unafanya nini?"

"Wakidhani sioni, wataniacha nimpakate mjukuu wangu bila maneno," akasema.

Filemoni alimwona hivyo asubuhi moja, mitumbwi ikiwa ndiyo inafika na watu wote wako mwaloni. Alikuwa anashusha dagaa. Akaweka tenga chini, akatazama mama yake anavyogusagusa mawe kwa fimbo, ikawa kama amepigwa. Akapanda juu ya ubavu wa mtumbwi.

"Sikilizeni," akasema. "Mama yangu hakuchukua macho ya mtu. Dokta alisema mtoto aende kwanza, mama anaweza kusubiri. Mimi nikasema atangulie Bibi. Skolastika alisikia. Nilimfanya mama yangu taa ya kujaribia. Taa ikawaka, ikarudi nzima, nami bado nikakaa nasubiri. Aliyempofusha Dainess ni mimi baba yake. Mwenye neno juu ya mama yangu aje aniambie mimi."

Telesphory alikuwa anashughulika na injini, akazidi kuinama.

Filemoni akashuka, akamwendea mama yake. Akamwambia, "Fungua macho, mama." Bibi akafungua. Filemoni akamwondolea fimbo mkononi taratibu, akaikata kwa panga, ikabaki fupi. Akaisugua mahali palipokatwa isije ikachoma mtu. Kisha akachuchumaa, akamwita Dainess kwa jina ili ajue ni nani, akampa fimbo ile.

FUNZO

Msinielewe vibaya, sijasema muamini kila boti inayotia nanga. Shukuni. Mimi bado nashuku na nitakufa nashuku. Lakini ukimshuku mtu, nenda kamuulize yeye, mlangoni kwake, mchana, mpaka akujibu. Usikae kwenye benchi la chai kuwauliza wasiojua kama wewe. Na akishakujibu, ukaona kwa macho yako, basi fanya. Usitafute sababu nyingine ya kungoja.

Mzee mwenye mtoto wa jicho apelekwe, atarudi kuwatazama wajukuu. Lakini ukiona weupe kwenye mboni ya mtoto mchanga, usimtangulize mtu, usingoje msimu. Mpeleke wiki hiyo hiyo, na mama yake asizuiwe na nahodha yeyote. Wataalamu wamesema watarudi mbalamwezi ijayo, darasa ni lile lile, na mapazia yatakuwa meusi vile vile. Mimi nitasimama mlangoni. Anayeogopa taa aje anishike mkono tuingie wote, na wa kwanza kuingia awe mdogo kuliko wote.